Kipupwe, Mpira wa Trekta na Matembezi ya Familia



Kipupwe kimeingia bondeni. Asubuhi ukungu hushuka kutoka Udzungwa na kulala juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, watoto huenda kuchota maji wamejifunika khanga za mama zao, na wazee huota moto mpaka jua litakapopanda. Mpunga uko ghalani au umekwisha kuuzwa. Shule zimefungwa. Katika mwaka mzima wa mkulima wa Mngeta hakuna majuma mengine kama haya, ambayo njia zimekauka, mikono imepumzika na mfukoni mna chochote. Juma hili tungependa kutafakari pamoja nanyi jambo ambalo huenda baadhi yenu mtaliona dogo, nalo ni matembezi ya familia. Tunaposema familia tuna maana ya baba, mama na watoto, na bibi akiweza, wanaotoka pamoja siku moja kwenda mahali pasipo shamba, pasipo msiba na pasipo arusi, kisha wakarudi nyumbani jioni.

Kilichotusukuma kulisema jambo hili ni picha. Simu zimefika kila kitongoji, na humo watoto wetu huwaona wenzao wa nchi za baridi wakiteleza kwenye theluji. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Huchukuliwa mpira mkubwa wa tairi uliojazwa upepo, mtoto akakaa katikati, mzazi akakaa kwenye mpira wa pili uliofungwa kwa kamba na ule wa kwanza, wakasukumwa kidogo tu, na mteremko ukafanya kazi iliyobaki. Chini huachwa uwanja mrefu ulio tambarare ili mipira isimame yenyewe. Kisha hupanda tena kilima, kwa miguu au kwa kuvutwa na kamba ya mashine, wakaanza upya. Hauhitaji ufundi wowote, na ndiyo maana babu na mjukuu wake huweza kuucheza siku moja wote wawili wakapiga kelele sawasawa. Nao ulianza na mipira ya ndani ya magurudumu ya malori na matrekta iliyokuwa imestaafu kazi ya barabarani na shambani.

Hapo watoto wa Mngeta hawana cha kushangaa. Nani hapa asiyeujua mpira wa trekta? Bonde letu limelimwa kwa matrekta kwa miongo mingi, na mpira ukitoboka usizibike tena hugeuka kuwa boya, bembea, au kiti cha uani. Tena kuteleza wanakujua. Wanakata dumu katikati, wanakalia nusu yake, na kushuka kwenye majani makavu ya mteremko mpaka kaptura zinatoboka. Wengine hupanda lundo la mabua ya mpunga na kuteleza kwa kiroba. Mchezo tunao, na vifaa tunavyo. Tofauti tuliyoiona kwenye zile picha ni moja tu: huko kwenye theluji baba yumo ndani ya mpira. Hapa kwetu watoto huteleza peke yao, na mtu mzima akipita hupita kuwakaripia kwa sababu ya kaptura.

(Tuseme hapahapa, kabla hatujasahau, kwamba mpira wa trekta si wa kupelekwa mtoni. Mto Kilombero na vijito vyake vina mamba na viboko, na wakati wa kipupwe maji yanapopungua wanyama hao hujikusanya kwenye madimbwi yaliyobaki. Wandamba, ambao wameishi na mto huu kwa vizazi, humwambia mtoto wapi pa kukanyaga kabla hawajampa kasia. Atakayetaka kuwaonyesha watoto wake mto awaombe wazee hao wamwongoze.)

Watoto huuliza theluji iko wapi. Ya karibu zaidi kwetu iko Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, nayo inatuaga. Mwaka 1912 barafu ya mlima huo ilifunika kilomita za mraba karibu 12. Kufikia mwaka 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya mbili, na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu za Afrika huenda zikatoweka zote kufikia mwaka 2050. Wako pia walioamua kuitengeneza. Mwaka 2005 huko Dubai, katikati ya jangwa, walifungua Ski Dubai ndani ya jengo la maduka, wakaweka mlima wa theluji kwenye chumba chenye baridi chini ya sifuri ilhali nje jua linachoma. Mwaka huohuo Nairobi nao walipata uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari. Hatuwalaumu. Lakini tunaomba msomaji aangalie jambo moja: familia za nchi zenye theluji kwa kawaida haziendi mbali kuitafuta. Huenda kwenye kilima kilicho nyuma ya nyumba, au mwendo wa nusu saa, na mchana wakarudi kunywa uji wao. Tamaa ya kwenda mbali ni yetu sisi tunaotazama picha.

Bonde letu lina kumbukumbu ya watu wa namna hiyo. Wakapuchini wa Uswisi walifika nchi hii mwaka 1921, na pamoja nao masista wa Baldegg. Kazi yao imeacha alama hadi leo katika hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara na katika shule nyingi. Walitoka katika nchi ambayo wakati wa baridi wazazi huwavuta watoto wao kwa kigari cha mbao kisicho na magurudumu mpaka juu ya kilima, na ambayo Jumapili alasiri familia nzima hutoka kutembea kwa miguu bila kuwa na shughuli yoyote. Sisi tulijifunza kwao dawa, useremala, ufundi wa matofali na kuimba kwa noti. Ile desturi ya Jumapili alasiri hatukuiuliza, nao yamkini waliona haya kuisema mbele ya watu wenye jembe begani.

Sasa tuje kwenye mlima wetu wenyewe, kwa maana hapo ndipo penye uchungu.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na makao yake makuu yako Mang'ula, kando ya barabara ya kutoka Ifakara kwenda Kidatu. Haina barabara za magari ndani. Kila mtu, awe waziri au mwanafunzi, hupanda kwa miguu yake. Maporomoko ya Sanje huanguka jumla ya mita 170 kwa hatua kadhaa, na mtu aliyesimama juu yake huliona bonde la Kilombero limetandazwa chini kama mkeka, na mashamba ya miwa upande mmoja. Safari ya kwenda na kurudi huchukua kama saa nne. Kwa wenye watoto wadogo iko njia fupi iendayo maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na geti la Mang'ula, ambayo hata mtoto wa chekechea huimaliza akishikwa mkono.

Wageni huvuka bahari mbili kuja kuyaona hayo. Mwaka 1979 wataalamu waliokuja kufanya utafiti karibu na Sanje walisikia sauti ya kima wasiyemfahamu, na habari zake zikaandikwa ulimwenguni kote kwamba amegunduliwa mnyama mpya. Watu wa hapa walikuwa wakimwita ng'olaga tangu enzi na enzi. Miaka ishirini na ushee baadaye akaonekana kipunji katika msitu wa Ndundulu kwenye milima hiyohiyo, naye akatangazwa mwaka 2005. Na pale korongo la Kihansi, katika milima yetu hiyohiyo, mwaka 1996 alipatikana chura mdogo asiyezidi ncha ya kidole, mwenye rangi ya dhahabu, ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto walio hai. Aliishi kwa manyunyu ya maporomoko tu. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Aliyemwokoa ni akiba ya vyura iliyokuwa imepelekwa Marekani. Wakazaliana huko, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni. Chura wa Kilombero amepanda ndege kwenda na kurudi, na watoto wengi wa Kilombero hawajapata hata kusikia jina lake.

Kwa nini? Jibu la kwanza tunalolisikia ni kwamba hifadhi ni ya Wazungu. Jibu hilo halikuzuka hewani. Kwa miaka mingi wanawake wa vijiji vinavyopakana na hifadhi waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni zilizokauka. Julai 2011 ruhusa hiyo ilikoma. Makusudio yalikuwa kuulinda msitu, na msitu usipolindwa vijito vyetu vinakauka na mpunga wetu nao unakauka; hilo hatubishani nalo. Lakini mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka huo chini ya mlima ule amekua akiujua kama mahali ambapo mama yake anaweza kukamatwa. Mlima kwake ni askari na mpaka. Hajawahi kuingia kama mgeni wa heshima, akapokelewa getini, akaelezwa majina ya miti, akanywa maji ya kijito akiwa ameketi juu ya jiwe. Atakapokuwa mtu mzima na kuulizwa kama msitu ulindwe au ukatwe, atajibu nini? Atajibu kwa kumbukumbu aliyo nayo. Tunaona kwamba hatari iliyo mbele yetu ni hiyo, kubwa kuliko ya wawindaji wachache wenye mitego. Baba anayemshika mwanawe mkono na kumpeleka Sanje mara moja anampa kumbukumbu nyingine ya kuweka pembeni mwa ile ya kwanza.

Jibu la pili ni fedha. Hapa tusidanganyane: kutoka Mngeta hadi Mang'ula ni mbali kwa mtu mwenye watoto watano. Nauli ya kwenda Ifakara, kisha nauli nyingine ya kuelekea Mang'ula, ada ya kuingia, malipo ya mwongozaji, na chakula; familia kubwa itatumia thamani ya magunia mawili ya mpunga au zaidi. Raia hulipa ada ndogo mno kuliko wageni wa nje, na watoto hulipa pungufu ya hapo, lakini bado ni fedha. Ndiyo maana hatusemi kila familia iende Sanje kila mwaka. Tunasema iende mahali. Mwaka mmoja iwe kilima kilicho nyuma ya kijiji, kwa gharama ya ndizi na karanga, maadamu msitu wa hifadhi hauingiwi bila kupata kibali cha maofisa wa misitu wa TFS. Mwaka mwingine iwe Daraja la Magufuli pale Ifakara, lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa Mei 2018. Watu wazima wanakumbuka kivuko kilichokuwepo kabla yake, foleni zake na hofu zake wakati wa mafuriko. Watoto hawakumbuki chochote. Baba asimame pale kandokando ya daraja awasimulie. Hiyo nayo ni safari, na haigharimu zaidi ya nauli.

Tena magunia mawili tunayatoa bila kulia kwa mambo mengine. Tunazijua sherehe za Komunyo ya Kwanza na Kipaimara zilivyokuwa katika miaka hii: turubai la kukodi, muziki wa kukodi, keki iliyoagizwa Ifakara na kufika imelala upande mmoja kwa sababu ya barabara, kadi za michango zilizogawiwa tangu mwezi wa tatu. Mtoto mwenye sherehe huwekwa kwenye kiti mbele ya watu akiwa amevaa viatu vinavyombana, na hapati nafasi ya kuzungumza na baba yake siku nzima. Hatupingi furaha ya jirani. Tunapendekeza tu kwamba nusu ya keki igeuzwe kuwa nauli.

Na lipo jambo la tatu ambalo halitajwi, ingawa ndilo lenye nguvu kuliko yote. Baada ya mavuno baba anatoka. Anatoka sana. Ana matembezi yake tayari, mahali penye viti vya plastiki na nyama ya kuchoma, na huko hukaa mpaka fedha ya mpunga itakapoanza kuonyesha mgongo. Wengine, kwa nia njema, humchukua mtoto wakamketisha hapo na soda moja kuanzia saa tisa hadi saa mbili usiku. Mtoto huyo ameona nini? Ameona magoti ya watu wazima. Tumekaa na wazazi wengi wanaolalamika kwamba kijana wao wa miaka kumi na sita hasikii, hasemi, ameondoka kwenda mjini bila kuaga. Tukiwauliza ni lini mara ya mwisho walikaa naye saa tatu mfululizo bila kumtuma, wengi hunyamaza. Wengine hujibu upesi kwamba familia yao hukaa pamoja miezi mitano mfululizo shambani. Ni kweli. Tangu zamani familia za bonde hili huhamia mashambani wakati wa kilimo, zikalala kwenye vibanda, na watoto wakakaa juu ya dungu kufukuza ndege. Kazi hiyo inafundisha mengi na hatutaki ife. Lakini juu ya dungu baba humjua mtoto kama mlinzi wa mpunga, mzuri au mbaya, mwepesi au mzembe. Hamjui kama mtu anayeogopa giza, anayejua kuiga sauti za ndege, au anayependa kuuliza maswali yasiyo na majibu. Mambo hayo hutokea njiani, watu wanapotembea bila haraka.

Msomaji wa siku nyingi atakumbuka kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyeitembelea Tanzania Septemba 1990, alikuwa maarufu kwao Poland enzi za upadre wake kwa kuwachukua vijana na familia kwenda kupanda milima, kupiga kasia mtoni na kuteleza kwenye theluji. Baadhi ya marafiki aliowapata huko alibaki nao mpaka uzeeni. Hakuona kwamba anapoteza wakati.

Tukichagua sisi, matembezi ya kipupwe yanayofaa kuliko yote kwa mtu wa bonde hili ni ya garimoshi. Tutaeleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa tunaona watu wanapita juu ya hazina wakidhani ni usafiri tu.

TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Sehemu yake ngumu kuliko zote ni yetu, ile ya kutoka Mlimba kupanda Makambako. Hapo reli inaacha bonde la joto na kuukwea ukingo wa milima, ikipita kwenye mahandaki mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia hiyo, na juu ya madaraja marefu, likiwemo lile la mto Mpanga lenye nguzo za kimo cha mita 50 hivi. Wako wazee katika vijiji vyetu waliochimba pale wakiwa vijana, bega kwa bega na Wachina, wakila pamoja ingawa hawakuelewana lugha. Mzee wa namna hiyo akiwekwa dirishani na wajukuu wake wawili, na behewa likaingia gizani ndani ya handaki, hakuna mwalimu wa historia atakayemfikia.

Na huko juu iko baridi ya kweli. Kila mtu apandapo mita elfu moja hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi. Bonde letu liko mita mia chache tu juu ya bahari. Makambako iko zaidi ya mita 1,600. Mtoto aliyetoka Mngeta na fulana atashuka pale meno yakigongana, ataona pumzi yake ikitoka mdomoni kama moshi, na atakaa siku nzima akipuliza ili aione tena. Mwezi wa sita na wa saba, nyanda za Njombe na Makete hupata sakitu alfajiri: umande ulioganda juu ya majani, mweupe, unaokwaruza chini ya kiatu, na ambao jua likichomoza tu hugeuka maji. Wakulima wa chai huko wanauogopa kwa sababu unaunguza majani machanga. Kwa mtoto wa bondeni sakitu ndiyo jamaa wa karibu kabisa wa theluji anayeweza kumgusa kwa kidole bila kupanda Kilimanjaro wala ndege ya Dubai. Anayekwenda kulala kwa ndugu usiku mmoja huko juu, na wengi wetu tuna ndugu Wabena na Wahehe katika nyanda hizo, amepata yote mawili, garimoshi na sakitu, kwa nauli ya kawaida.

Garimoshi lenyewe limezeeka. Kwa miaka mingi limekuwa likichelewa, na safari za abiria zimewahi kusitishwa kabisa. Mwaka 2025 ulitiwa saini mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua reli hiyo kwa dola za Marekani bilioni 1.4, na tunaomba bonde letu lisisahauliwe katika ratiba. Kwa hiyo mtu asifunge mzigo kabla ya kuuliza stesheni kama garimoshi lipo, siku gani na saa ngapi, na abebe chakula cha zaidi ya siku moja.

Machache kwa wale wanaokusudia kutoka.

Wanaokwenda nyanda za juu wanunue sweta za mtumba mapema, kwa kila mtoto, pamoja na soksi. Mwenye mtoto wa selimundu asimpeleke kwenye baridi kali bila kupata ushauri wa mganga, kwa kuwa baridi humwamshia maumivu. Huyo atafaidi zaidi daraja la Ifakara saa nne asubuhi. Wanaokwenda Sanje wavae viatu vinavyoshika ardhi na waanze kupanda mapema, kwa sababu mchana mawe huwa yameshika joto. Wamsikilize mwongozaji. Mifuko ya takataka irudi nyumbani.

Akina baba, jambo hili ni lenu hasa. Tumewahi kuona matembezi ambayo mama alibeba sufuria, mkaa, mchele, mtoto mgongoni na mtoto mkononi, akafika akawasha moto, akapika, akaosha vyombo, akarudi. Huyo hakutembea, alihamishiwa jiko. Chakula cha siku hiyo kipikwe jana yake au kiwe cha kununua, na kibebwe na wavulana. Kama baba anajua kukaanga mihogo, na tunawajua wanaojua ila wanaficha, siku hiyo ndiyo ya kudhihirisha.

Siku tusipangiane. Jumapili baada ya Misa inafaa kwa kilima cha karibu, na Jumamosi kwa safari ndefu. Saba Saba na Nane Nane ni sikukuu za taifa na watu wengi huzitumia kulala. Familia isiyo na baba, au ambayo baba yuko mbali kikazi, iungane na ya jirani yake wa jumuiya. Na yule jirani aseme wazi mapema kwamba nauli ya watoto hao ameihesabu, wasije wakakataa kwa aibu. Ndani ya garimoshi bibi apewe kiti cha dirishani, upande wa kushoto au wa kulia ni yeye atachagua, na asiulizwe kila mara kama amechoka.